Koti la Harusi ya Zooni

Jumatatu, 1 Septemba
Koti limefunga! Vifungo vyote! Mwezi Juni kifungo cha katikati kilimrukia fundi usoni. Shemeji Shafqat, kaka wa mke wangu, mwembamba tangu kuzaliwa na anajisifu kana kwamba alijichonga mwenyewe, alisema mbele za watu kwamba siku ya harusi ya binti yangu hakuna haja ya kukodi hema, nitawafunika mimi. Sawa. Tutaona. Sindano za kupunguza uzito naletewa na rafiki mwenye duka la dawa. Bila daktari, bila maswali. Nazificha kwenye friji, ndani ya kopo la mtindi. Mke wangu Rafiqa hajui. Srinagar nzima haijui!

Alhamisi, 4 Septemba
Njaa imekwisha kabisa. Ajabu ni kwamba imeondoka na wenzake. Chai ya chumvi, ambayo zamani ndiyo iliyonitoa kitandani, naitazama tu hadi inapoa. Mechi ya kriketi niliizima katikati. Asubuhi nilikaa ukingoni mwa kitanda nimeshika soksi, nikakosa sababu ya kuivaa. Rafiqa akauliza, “Baba Zooni, una nini wewe siku hizi?” Nikasema ni jino. Uongo safi! Akaniletea karafuu.

Jumanne, 9 Septemba
Zooni alinionyesha nguo zake za harusi. Akageuka huku, akageuka kule, akauliza kama anapendeza. Mtoto wangu wa pekee. Nilijua anapendeza, ila sikuhisi chochote. Nikasema ndiyo, ndiyo. Uso ukamshuka. Niliogopa, nakiri. Nikampigia yule rafiki wa dawa, akasema niache mara moja nikamwone daktari, maana wateja wengine nao wanalalamika moyo mzito. Niache sasa? Harusi ni Jumamosi, na Shafqat bado ana mdomo.

Jumamosi, 13 Septemba
Nilikuwa na mpango. Kwetu karamu ni watu wanne kwa sinia moja la shaba, kwa hiyo asiyekula anaonekana na watatu. Nami nimepangwa sinia moja na Shafqat! Lakini kila mtu hupewa mfuko wa kubebea nyama inayobaki. Wangu niliuficha ndani ya koti. Mbavu, humo. Kebabu, humo. Kazi ilikwenda vizuri hadi lilipofika gushtaba, lile donge kubwa la nyama kwenye mtindi linalofunga karamu. Kutoka upande wa wanawake, Zooni akanitumia nusu ya lake, kama alivyofanya kila harusi tangu utotoni. Nikaitia humo nayo.

Mfuko ukapasuka. Mtindi hadi magotini. Shafqat akapaza sauti: “Jamani, njooni muone! Baba wa bibi harusi anaiba nyama ya harusi yake mwenyewe!” Hema zima likacheka. Kelele zikamleta Zooni hadi kwenye pazia, akaiona nusu yake iko chini kwenye zulia. Yeye hakucheka.

Jioni, kabla ya kuondoka, alinishika mkono. “Baba, hukumtaka huyu kijana? Si ungeniambia mapema.” Maneno mawili yangetosha. Ni sindano, mwanangu. Lakini Shafqat alikuwa amesimama palepale, masikio wazi. Nikasema ni jino.

Gari likaondoka. Kila mtu alilia. Shafqat alilia hadi kofia ikamwanguka. Mimi macho makavu, na watu wote waliniona. Zooni pia, aligeuka nyuma akaniona.

Jumatano, 17 Septemba
Rafiqa amelifungua kopo. Sikugombezwa. Aliketi sakafuni jikoni akalia, akasema alidhani nimechoka kuishi naye. Akanivuta hadi kwa daktari. Daktari akasema baadhi ya watu hubadilika moyo wakiwa kwenye dawa hizi, na sababu bado haieleweki vizuri. Niache, nirudi kwake wiki ijayo, na binti yangu nimwambie leo. Leo hii!

Zooni alipiga simu mchana. Sauti ndogo. Akauliza jino linaendeleaje. Nikasema bado linauma. Hakukata simu. Nikamuuliza kama kwao mvua inanyesha.

Jumamosi anakuja na mumewe kwa chakula chao cha kwanza hapa nyumbani. Hapo nitamweleza yote, uso kwa uso. Hivyo ndivyo mwanamume hufanya. Shafqat naye kaalikwa. Koti limetoka kwa dobi likiwa limepungua, kifungo cha katikati hakifiki. Kuna duka la dawa ng'ambo ya mto ambako hawanijui. Kopo la mtindi limeshajulikana, nimehamia kwenye la achari. Rafiqa hali achari! Sindano moja tu, ya mwisho. Kifungo kikifunga, namwambia Zooni kila kitu.