Miaka Kumi na Tisa ya Kupanda Baiskeli

Mabibo,
Dar es Salaam.

Ndugu Mwenyekiti Godlisten,
Klabu ya Baiskeli Pumzi Moja.

YAH: KUENGULIWA KWANGU KATIKA SAFARI YA SIKU SITA YA MILIMA YA USAMBARA

Kichwa cha habari kinajieleza, na muenguliwa ni mimi. Natumaini wewe na kamati yako hamjambo. Mimi tangu Jumamosi magoti hayanitii.

Jumamosi hiyo ulisoma mbele ya watu majina ya waliofuzu majaribio. La mke wangu, Kokushubila, lilikuwa la kwanza. Langu halikuwepo. Nikadhani umeruka mstari, nikakuomba urudie, ukarudia, na watu wakacheka mara mbili. Kwa heshima zote naleta malalamiko yangu.

1. Fomu yenu iliuliza: "Umepanda baiskeli kwa miaka mingapi?" Nilijaza kumi na tisa, bila kuongeza hata mwezi. Mke wangu naye alijaza kumi na tisa, kwa kuwa ni miaka ile ile na baiskeli ile ile. Iweje uzoefu ulio sawa umpeleke mmoja Lushoto na kumwacha mwingine Mabibo?

2. Tulitakiwa kupanda na kushuka daraja la waenda kwa miguu la Manzese mara tano. Mwalimu wenu wa mazoezi, binti Asifiwe, ameandika kwamba nilisimama mara kumi na moja "kwa kukosa pumzi". Si kweli. Nilisimama kuamkia watu. Mimi ni mtu wa Bukoba, tena mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo kanisani. Siwezi kumpita mtu mzima kwenye ngazi kama vile sikumwona. Na salamu ya kwetu haiishii kwenye shikamoo. Lazima uulize watoto, uulize na migomba. Nakiri kwamba wengi wao sikuwafahamu. Nakiri pia kwamba bibi mmoja muuza karanga aliitikia marahaba, akanipisha kwenye kigoda chake, kisha akaniuliza kama nina ndugu wa kupigiwa simu.

3. Asifiwe alinipima mapigo ya moyo, akapata mia moja sitini na nane, akasema, "Baba, we pumzika tu, usije ukatufia huku." Ifahamike kwamba alinipima kabla ya zoezi. Ule ulikuwa moyo wa mtu aliyevaa kaptura ya kubana, yenye sponji makalioni, mbele ya wanajumuiya wake watatu. Hata wako ungekimbia.

4. Wewe umezaliwa Machame, kwako mlima ni njia ya kwenda dukani. Mwinuko wa mtaani kwetu ni tuta la barabarani, nalo tunalilalamikia. Napendekeza kila asubuhi tupelekwe kileleni kwa gari, halafu tuteremke. Mandhari ni ile ile.

5. Kama hayo hayawezekani, basi naomba jina la mke wangu nalo lifutwe. Tulifunga ndoa kanisani, na padri alitaja shida na raha, ugonjwa na afya. Lushoto hakuitaja. Watoto wote wako shule za bweni. Siku sita nitakaa na nani? Chai naweza kuchemsha, lakini siongelei chakula. Tangu afuzu, anaimba kila anapojaza upepo tairi, na mimi nakaa barazani nimenuna. Namwonea wivu, Ndugu Mwenyekiti, na ninaogopa.

Nikiamini kamati itanihurumia kabla ya kunicheka tena, nabaki mwanachama wenu mtiifu. Wasalimie mama watoto, wanachama wote, Asifiwe na kipima moyo chake, na ukipita Manzese, yule bibi wa karanga.

Apolinari Kamugisha,
Karani wa masjala.

N.B. Nilimpa mke wangu barua hii asahihishe herufi. Herufi hakuzigusa. Amesema niandike ukweli kuhusu namba moja, la sivyo ataandika yeye.

Ni kweli nimepanda baiskeli miaka kumi na tisa. Nimepanda kwenye keria. Tangu tuoane, kila alfajiri akienda kuuza ndizi sokoni, ananibeba hadi kituo cha basi, na bahasha yangu mkononi, kilo zote tisini na nne, na hajawahi kusema nimekuwa mzito. Fomu haikuuliza nani anakanyaga.

Kwa hiyo futa namba ya pili hadi ya tano. Ya kwanza nimeshaifuta mwenyewe. Jina lake liache hapo hapo, juu. Ninachoogopa ni kwamba siku sita zitamtosha kujua baiskeli ni nyepesi kiasi gani bila mimi.

Leo nimeazima spana kwa jirani nikaifungua keria, ili apande mlima bila uzito. Kisha nikaenda kituoni kwa miguu. Njiani nimeamkia watu ishirini na wawili.