CD ya Mwisho

Mama Daxa wa Manundu alikuwa na duka la vitu vya umeme na vyerehani, na mji mzima wa Korogwe ulijua tabia yake moja: hanunui mzigo mpaka asikie watu wanausemaje. Ukimletea pasi, atamuuliza mteja wa kwanza anayeingia, "Mwanangu, pasi hizi unazionaje?" Jumatatu hiyo Sadala alikuwa amesimama mlangoni akijikinga na jua, akamsikia anauliza hivyo kuhusu taa za sola. Moyo ukamruka. Sadala alikuwa tapeli, na tapeli akigundua kwamba mtu anaamini maoni ya watu, hujisikia kama ameitwa kwa jina.

Tena alikuwa na shida. Mkewe, Shamimu, alikuwa Kwashemshi kwenye msiba wa shangazi yake, na angerudi Ijumaa. Nyumbani aliacha cherehani, ambacho ndicho kilichowalisha wote wawili, maana utapeli nao una misimu yake mibaya kama mahindi. Cherehani hicho Sadala alikuwa amekibadilisha na jamaa mmoja wa Handeni kwa boksi la CD, akiapiwa kwamba ni za harusi na mawaidha. Kufungua, akakuta katuni za Kijapani. Seti zote zilikuwa za hadithi ile ile: binti mfalme mwenye nywele za buluu, joka la barafu, kijana mwenye upanga, na mbweha anayegeuka mtu. Mtu aliyewahi kumuuzia fundi redio ya fundi huyo mwenyewe alikuwa amepigwa mchana kweupe. Tumwombee kwanza, halafu tumcheke.

Akawatafuta watu wawili wasiotiliwa shaka: Mzee Zaidi wa Kwamndolwa, ambaye hata akiomba chumvi huonekana anatoa nasaha, na Loyce, msusi wa jirani.

"Mtaingia dukani kwa nyakati tofauti," akawaambia. "Mnaulizia katuni ya binti mfalme, mnaisifu, mnatoka."

"Tunaisifu kwa lipi?" akauliza Mzee Zaidi. "Mimi sisifu nisichokiona. Huo utakuwa uongo."

"Mzee wangu, shughuli nzima ni uongo."

"Basi na uwe uongo wenye ushahidi."

Ikabidi waitazame. Sadala akafungua seti moja, akawasha deki. Loyce akawa anasoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha na kuyafasiri kwa kadiri Mungu alivyomjalia. Walianza Jumatatu kwa kupiga miayo. Jumanne alasiri chai ilikuwa imepoa bila kuguswa, na Mzee Zaidi alikuwa ameswali adhuhuri kwa haraka ambayo aliiombea msamaha palepale kwenye mkeka. Ilibaki CD moja tu. Binti mfalme alikuwa kinywani mwa joka. Kijana na mbweha wamefika pamoja. Na mmoja tu ndiye angeweza kumtoa.

"Weka ya mwisho!" Loyce akasema.

"Mama Daxa anakaribia kufunga," Sadala akajibu, ingawa naye alitaka kujua. "Kazi kwanza."

Mpango ulikuwa waingie kwa nyakati tofauti. Waliingia pamoja, wanagombana.

"Atamtoa kijana!" alisema Mzee Zaidi. "Mbweha hana kwao. Posa tutaipeleka wapi, porini?"

"Shikamoo yako iko palepale, mzee, lakini hapo umekosea. Aliyempa maji jangwani ni nani? Mbweha! Huyo kijana kazi yake kupeperusha nywele."

"Ana upanga!"

"Ana jembe? Toka tumeanza hajalima hata tuta."

Wateja wakageuka. Mwingine akauliza binti ni wa nani. Mama Daxa akashusha miwani. "Mnamsema nani?"

Wakamweleza, wote wawili kwa wakati mmoja. Na hapo ndipo Sadala alipopita kwa bahati, boksi begani.

"Mama, shikamoo. Hizi ndizo wanazozililia. Nipe cherehani kimoja tu, nikuachie boksi zima."

"Marahaba. Nachukua," akasema Mama Daxa. "Mali kauli. Zikiisha kuuzwa, unabeba cherehani chako."

Tabasamu la Sadala likakwama katikati. "Mama, mali yenyewe inagombaniwa hivi..."

"Ndiyo maana. Inayogombaniwa itaisha kesho, na wewe utabeba kesho. Au hawa si wateja?"

Sadala akalishusha boksi begani. "Ni wateja, Mama."

Mama Daxa akahesabu seti boksini. "Imepungua moja. Hiyo uliyoifungua itie humohumo. Siuzi pungufu."

Jumatano asubuhi alikwenda dukani akiomba muujiza, jambo ambalo alikuwa hajalifanya siku nyingi. Akakuta umati. Waliosikia ugomvi walikuwa wamewasimulia wenzao, na kila mmoja alitaka kuhakikisha mwenyewe kama mbweha ana haki. "Simu inakula bando," alisema mmoja, "deki haili kitu." Watu wa Handeni waliokuja mjini kununua bidhaa walichukua kwa mafungu. Mzee Zaidi alinunua yake, Loyce yake. Kufika alasiri, boksi lilikuwa tupu.

Sadala akabeba cherehani nyumbani anaimba. Alipokiweka mahali pake na kukipaka vumbi kidogo ili kizoee, ndipo alipokumbuka: hajui nani alimtoa binti mfalme.

Akamkimbilia Loyce. "Joka lilikuwa mama yake," Loyce akamwambia bila kuinua macho kutoka kwenye kichwa anachosuka. Mzee Zaidi akamwambia wote walisilimu. Hakuna aliyekubali kumwazima CD; "Kazi kwanza," walimjibu. Alhamisi akapanda basi hadi Handeni. Kule alikuwa amewahi kuuza mbegu ya mahindi isiyohitaji mvua, na wakulima hawakuwa wamesahau. Walimpokea kwa heshima zote, wakamnunulisha soda, na kila mmoja akampa mwisho wake, mzuri kuliko wa mwenzake. Sadala akarudi na miisho mitano na bila usingizi.

Ijumaa Shamimu akaingia, akaweka mkoba chini, akaketi kwenye cherehani. Akakanyaga.

"Changu kilikuwa kinapiga kelele."

"Nimekitia mafuta."

Shamimu akavuta droo. Ndani hakukuwa na vifungo vyake, wala chaki ya marehemu mama yake. Kulikuwa na pakiti ya sindano ambayo haijafunguliwa. Akairudisha droo taratibu.

"Stendi wananiambia mume wangu anazunguka wilaya mbili akimuulizia binti mfalme."

"Wewe umemjulia wapi?"

"Kaka alinunua kwa Mama Daxa. Tuliitazama jana, wageni wa msiba walipoondoka." Akafungua mkoba, akatoa CD moja, akaiweka mapajani. "Hii ndiyo ya mwisho. Nimelia, Sadala. Nimelia kuliko nilivyomlilia shangazi, Mungu anisamehe."

Sadala akanyoosha mkono. Shamimu akaifunika kwa kanga.

"Utaiona. Lakini anza wewe. Nisimulie cherehani hiki, toka mwanzo."

Sadala akafungua kinywa. Hadithi tatu nzuri zilikuwa tayari ulimini, zimenyooka, zina mpaka mashahidi. Akamtazama mkewe. Akaitazama kanga. Na kwa mara ya kwanza tangu wafunge ndoa, akachagua hadithi mbaya kuliko zote, ile ya kweli.