Ombi la Kumhamisha Mtunza Matangi ya Pweza

Kwako Mkurugenzi wa Kituo cha Utafiti wa Bahari,

Natumaini hujambo, na pweza wako pia. Huyo najua hajambo, maana habari za afya yake husomwa mezani kwangu kila jioni kabla hatujanawa mikono. Mimi ni mke wa mtunza matangi wako. Kwa heshima zote naomba umhamishie stoo, kwa sababu hizi:

1. Nimefundishwa kwamba maji yakipata joto hubaki na hewa kidogo, pweza akapumua kwa shida. Namwonea huruma. Lakini dirisha la jikoni kwangu bawaba zilikatika mwaka juzi, likapigiliwa misumari. Nilipolalamika, mume wangu alinitazama kwa makini, kisha akaandika kitu kwenye daftari lake la kazi. Pweza tena, nikajua.

2. Ngisi nao hawana makao. Hufuata mkondo wenye ubaridi na chakula, maji yakibadilika wanahama kundi zima. Juzi tangi lao lilizidi nyuzijoto moja tu, mwenzangu akaacha sahani mezani, akatoka mbio na barafu yetu yote. Mama mkwe alikunywa juisi ya vuguvugu, na hadi leo hajanyamaza.

3. Mvua kubwa hupunguza chumvi ya maji ya ufukweni, pweza akakimbilia kina kirefu. Kwa hiyo siku hizi mume wangu akionja mchuzi hasemi mtamu wala mbaya. Anasema chumvi imeshuka, tukae macho.

4. Pweza hupenda shimo linalomtosha yeye peke yake. Chungu changu cha maua, kile kizuri, sasa kiko tangini. Nimeomba kirudishwe; nimejibiwa kwamba mwenyeji ameshazoea.

5. Kila tangi lina karatasi ya joto, chumvi, hewa na rangi ya mwenyeji. Kwa hasira nikabandika ya kwangu ukutani jikoni. Wiki mbili sasa, hajajaza hata mstari. Nimeumia, Mkurugenzi. Pweza ana mioyo mitatu, mimi ninao huu mmoja.

Nisalimie wote kazini, na walinzi wa getini wasisahauliwe.

Wako mtiifu,
Mke wa mtunza matangi

Nyongeza: Nikitafuta bahasha mkobani mwa mume wangu nimelikuta lile daftari. Kumbe vipimo huanzia humo, karatasi hujazwa mwisho wa mwezi. Ukurasa wa kwanza pweza, wa pili ngisi, wa tatu mimi. “Jumatatu: jikoni joto, mwekundu kidogo. Jumanne: ametulia, ameimba. Alhamisi: mwekundu, sababu dirisha.” Chini ya daftari, humo mkobani, kulikuwa na bawaba mpya mbili, zimefungwa kwenye gazeti. Mstari wa leo unasema: “Mwekundu sana. Anamwandikia Mkurugenzi. Asisumbuliwe.”

Basi usimhamishe. Chungu nacho kibaki huko huko, mwenyeji ameshazoea.