Malalamiko ya Mzazi Aliyepimwa Mbele za Watu

Joram Wangwe,
Nyamwaga,
Tarime.

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule yetu ya Msingi.

Ndugu Mwalimu Mkuu,

YAH: KUSITISHWA KWA SOMO LA UZITO, DARASA LA TATU

Shikamoo, kama umri unaruhusu. Kama hauruhusu, basi pokea habari za kazi.

Mimi ni baba yake Mokami, yule msichana wa Darasa la Tatu anayekalishwa dawati la mbele kwa sababu akikaa nyuma huwa anasimama. Sijawahi kuilalamikia shule. Mlipofundisha kunawa mikono, tulinawa. Mlipofundisha sehemu za mmea, binti yangu aling'oa mche wangu wa mgomba ili anionyeshe mizizi, nami nikaitazama ile mizizi, nikasema asante. Lakini tangu Mwalimu Specioza aanze kuwafundisha watoto kupima na kukadiria uzito, nyumba yangu haina amani. Nakuandikia nikiwa na akili timamu na nimekula. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwalimu aliwaagiza watoto kila mmoja aje na jiwe linalokaribia kilo moja. Wenzake waliokota barabarani. Mokami aliingia jikoni, akayaona mafiga matatu tunayopikia tangu tuoane, akainua moja, akaridhika, akaondoka nalo kichwani. Frida, mke wangu, alirudi kutoka kisimani ana haraka zake, akatenga sufuria bila kutazama. Uji wa watu sita ulizima moto. Nasikia jiwe lilipopimwa lilikuwa na kilo nne na nusu, darasa likacheka, Mwalimu akasema amejaribu vizuri. Hadi leo halijarudi. Mzazi mmoja aliyefika ofisini kwako anasema ndilo linalozuia mlango wako usipigwe na upepo. Sitaki kuamini.

2. Nestory mwenye bucha nimekua naye. Tangu afungue bucha hajawahi kunipimia kilo moja tupu. Hunipimia kilo na urafiki juu yake. Jumamosi nilimtuma Mokami nyama na sukari. Alianza na sukari. Alipofika buchani akashika nyama mkono wa kulia, paketi ya sukari mkono wa kushoto, akafumba macho kama anayesali, halafu akasema mbele ya wateja wote:

"Baba mdogo, hii siyo kilo."

Wateja wakaisogelea mizani. Nestory aliapa kwa marehemu mama yake, akairudisha nyama kwenye mizani. Ndugu Mwalimu Mkuu, mtoto alikuwa sahihi. Ilikuwa kilo moja na robo. Basi Nestory, kwa kuwa ameshashukiwa hadharani, akachukua kisu, akaikata ile robo, tena upande wenye ini, akaitundika ndoanoni. Mokami alirudi nyumbani anarukaruka, akaniambia: "Tata, leo nimehakikisha tumepata kilo kamili!" Tuliila ile kilo kamili kwa huzuni, kila mtu akitazama sahani yake.

3. Hayo ningeyameza. Ila likaja la dada yangu Jenipha, aliyeolewa Busawe, ambaye alikuja kututembelea. Unajua kwetu mgeni akifika ukamwambia amenenepa, umempa heshima kuliko ukimpa soda. Frida alishamwambia amenenepa. Mimi nikaongeza kwamba kiti kile hakitamfaa, nimletee kingine. Dada akafurahi sana. Ndipo Mokami akatoa shikamoo, akapewa marahaba, akauchukua mkono wa shangazi yake, akaupandisha, akaushusha, akaurudisha mahali pake taratibu.

"Kadirio langu ni kilo sitini na mbili."

Dada yangu alilia. Hakulia kwa kuambiwa mnene; alilia kwa kupunguzwa. Aliuliza kama huko Busawe anakula majani, hata ndugu zake wa damu wamwone kilo sitini na mbili. Akampigia simu mume wake kumweleza alivyodharauliwa, na simu zikaendelea kwenda mahali pengine nisipopajua. Asubuhi shemeji yangu Ezekiel alifika na pikipiki mbili na wazee wawili wa ukoo wao. Chai walikataa. Walitaka wamwone huyo mtu anayetangaza Nyamwaga nzima kwamba Ezekiel halishi mke. Nikawaonyesha. Alikuwa juu ya mpera, amevaa kiatu kimoja. Shemeji alimtazama, akanitazama mimi, akasema: "Mura, shemeji yangu, hapa dawa ni mizani tu."

4. Tulikwenda ghala la mahindi, ambako kuna mizani ya kupimia magunia. Nusu ya kijiji walitufuata, na wale ambao hawakujua tunakwenda wapi ndio walikuwa mbele. Dada akavua kandambili, akapanda, akabana pumzi.

Kilo tisini na moja.

Vigelegele vilipigwa hadi ng'ombe wakakimbia. Shemeji aliomba namba isomwe tena, kwa sauti, wazee wasikie. Wazee wakashikana mikono kana kwamba wao ndio waliomlisha. Dada akashuka akitembea kama bibi harusi. Mokami alipoulizwa ilikuwaje, alijibu kwamba alipima mkono mmoja tu, sehemu iliyobaki akaikisia.

Hapo ndipo ningeondoka. Lakini shemeji, kwa furaha, akasema na mwenyeji apande. Ieleweke kwamba mimi kijijini naitwa Wangwe Mzito. Jina hilo nililipata kwa ajili ya sauti yangu vikaoni, na sikuona sababu ya kuwaeleza watu tofauti. Nilipanda nikiwa na koti langu kubwa na buti za mvua. Sasa, Mwalimu Specioza amewafundisha kwamba mtu hukadiria kwanza, hupima baadaye. Mtoto akanyoosha kidole, kama yuko darasani.

"Tata, na koti au bila koti?"

Watu walicheka hadi mwenye ghala akakaa juu ya gunia. Ikabidi nivue. Mifukoni zikatoka spana mbili, kufuli la geti, tochi na muhogo wa kuchoma. Mokami akasema hamsini na nane. Mizani ikasema hamsini na tisa. Watu walimpigia makofi yeye.

5. Matokeo yake ni makubwa kuliko unavyodhani. Katika kikao cha ukoo nilisimama kuzungumzia njia ya kupitisha mifugo, jambo ambalo nimelizungumzia miaka yote na watu wakiitikia kwa kichwa. Mzee mmoja akasema, "Nyamazeni, tumsikie kilo hamsini na tisa." Neno langu lilikuwa zito kabla halijapimwa!

Na si mimi peke yangu. Watoto wa darasa lile wamezagaa. Kuku wananyanyuliwa kutwa nzima hadi wameacha kutaga. Katekista alibebwa na wanafunzi wanne kabla ya ibada, wakashindwa kuelewana, wakambeba tena. Nimesikia wanamngoja mkaguzi wa shule kwa hamu, na kwamba wewe mwenyewe wameshakukadiria. Sitakuambia namba. Mimi ni mtu wa heshima.

Kwa sababu hizo, naomba watoto wakadirie vitu visivyo na masikio. Kama ni lazima wakadirie watu, taarifa itolewe mapema ili watu wale kwanza. Tena, kama Serikali ina uwezo, itengenezwe kilo ya wazazi iliyo tofauti na kilo ya sukari, kwa maana sisi hatukufungwa kiwandani. Yote yakishindikana, somo lifutwe, na kipindi chake wapewe kuimba. Mtoto akikosea kuimba, hakuna anayeletewa mashemeji asubuhi.

Wasalimie walimu wote, pamoja na Mwalimu Specioza, ambaye sina chuki naye ila nampitia mbali. Msalimie mpishi wa uji wa shule, na mlinzi, na wanafunzi wote isipokuwa wanaotaka kujua nina kilo ngapi leo.

Ni mimi mzazi mwenzako, katika malezi na mashaka,

Joram Wangwe

N.B. Barua hii ilicheleweshwa na mvua, na katika kuchelewa jambo limetokea. Jirani yetu Judith ana mtoto mchanga aitwaye Sarah. Jioni, Judith akipika, Mokami ndiye humbeba. Jumanne alinijia mbio akasema, "Tata, Sarah amepungua." Nikamwambia aache kupima watoto wa watu. Hakuniacha. Alikuwa analia, anasema mikono yake inajua, Sarah wa leo siye wa wiki iliyopita. Frida akaenda kumshika mtoto, akarudi, akavaa viatu. Walikwenda na Judith hadi zahanati. Muuguzi akampima, akaangalia kadi ya kliniki, akasema kweli amepungua, tena kifua kimeanza kubana, na kwamba wamefanya vizuri kuwahi. Ametibiwa, amerudi, na sasa ananyonya hadi mama yake anapiga kelele.

Kwa hiyo, Mwalimu Mkuu, yote niliyoandika hapo juu usiyasome. Ningeichana barua, lakini Mokami ameshatangaza darasani kwamba inakuja. Somo la uzito liongezewe vipindi, na sisi wazazi tufundishwe Jumamosi, maana tunalihitaji kuliko watoto. Mimi nimeshaanza mazoezi peke yangu: juzi nilimkadiria Frida, kwa sauti, mbele ya dada zake. Ukiwa na majibu, tafadhali yatume kwa kaka yangu, kijiji cha Mbalibali, ambako ndiko ninakolala kwa sasa.