Ombi la Kumzika Dada wa Kwenye Kalenda

Iseyin,
Jumatatu baada ya posa.

Kwako Bwana Gbadebo, mpiga picha wetu wa sokoni,

Amani ya Bwana iwe juu yako na juu ya hiyo kompyuta yako, maana yenyewe inaihitaji zaidi. Nakuandikia kama mama, si kama adui. Uliponipiga picha ya kalenda ya Umoja wa Akina Mama kanisani, nilikuomba kitu kimoja tu: uniondolee chunusi ya puani. Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Chunusi uliiondoa. Hilo si lalamiko, Mungu akubariki.

2. Uliondoa na mikunjo, na kidevu cha pili, na hata chale za mashavuni ambazo babu alinichanja ili popote nitakapopotea nijulikane natoka kwa nani. Nimepotea sebuleni kwangu, Bwana Gbadebo.

3. Jumamosi wakwe walikuja kumposa binti yetu Ibidun, na viazi vikuu vyao vya posa. Mambo yalikuwa matamu mpaka bibi wa yule kijana anayeposa alipotazama kalenda ukutani. "Ee! Na huyu mwenye shavu kama yai lililomenywa?" Nikamwambia, "Mama, ndiye mimi." Alicheka mpaka akapewa maji. "Mama Ibidun, una utani wewe! Mnatufichia dada mtu? Mdogo haolewi mkubwa akiwa nyumbani. Aolewe huyu kwanza."

4. Mume wangu, badala ya kunitetea, akajibu, "Amesafiri." Nilipombana jikoni akasema, "Nilitaka kusema ni wewe, mke wangu, ila hata mimi huwa nasita."

Kwa hiyo Ibidun haolewi mpaka dada yake aolewe. Dada yake ni mimi. Na mimi nina mume, kanisa zima ni shahidi. Mtoto analia, chakula hakigusi. Na yule bibi ameshanitafutia mchumba! Mjane mmoja fundi cherehani, ambaye nasikia amenunua kalenda mbili.

Nimefunga, nimeomba, nimeonyeshwa njia moja. Chapisha tangazo la msiba la huyo dada, lile la rangi la kubandika ukutani, na mishumaa pembeni. Andika alishazikwa, wakwe wasije wakatuletea ngoma za maziko. Uongo mimi siutaki kabisa, lakini kumzika mtu ambaye hakuzaliwa, nimepekua Biblia sijaona palipokatazwa. Akishakufa, Ibidun ndiye mkubwa, na harusi inapita.

Msalimie mama watoto, na mama yako na mguu wake, na fundi wa jenereta, na wote wanaoniulizia.

Wako katika Kristo na katika aibu hii,
Mama Ibidun (mwenye chale)

Nyongeza: Shingoni kwa marehemu kuna mkunjo mmoja uliousahau. Uondoe, watu wengi watasimama kumtazama. Na ukimaliza msiba usimfute kwenye kompyuta: siku ya harusi nataka picha ya mama wa bibi harusi langoni, kubwa, na akina mama nimeshawaambia ni ile ile ya kalenda.