Maumivu Yasiyozidi Kumi

Kamati Kuu ya Ulinganisho wa Sindano za Ganzi ilitangaza, kwa heshima na taadhima, kwamba maumivu yamekwisha katika hospitali moja ya mji wa Aligarh.

Kwa miezi minane kamati ililinganisha. Wanawake waliokatwa uvimbe wa titi, nusu walichomwa ganzi ya kifuani, nusu ya mgongoni, kisha kila mmoja akatakiwa kusema anaumwa ngapi, sifuri hadi kumi. Lakini kwa wazee wa Aligarh kitu kamili ni anna kumi na sita, kama sarafu za anna zilizotimiza rupia moja ya zamani. Bibi akiulizwa hujibu, "Anna kumi na mbili, mwanangu." Mwenyekiti, Dakta Trilokinath, akaamua kitaalamu: kilichozidi kumi hakipo kwenye fomu, na kisichokuwepo kwenye fomu hakiumi. Waraka ukatoka: sindano zote mbili zimefaulu mno, hata hazihitajiki tena.

Zahiruddin, fundi kufuli, aliusikia waraka siku ambayo mkewe Kulsum alikuwa wa pili kwenye orodha ya upasuaji. Akaenda kwenye dirisha la karani wa hospitali.

"Bwana karani, mke wangu atachomwa ipi?"

"Iliyofaulu."

"Ndiyo ipi?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo kufuli lisilo na ufunguo nalo limefaulu?"

"Mzee, usiniponze. Wa kwanza leo ni mwenyekiti mwenyewe."

Kweli. Uvimbe wa titi hauogopi sharubu. Dakta Trilokinath alipozinduka kutoka usingizi wa upasuaji, wodi nzima ilijua. Wakubwa huumwa kwa sauti.

"Ganzi! Nichomeni ganzi!"

Karani akafika na fomu. "Ngapi, Sahib?"

"Kumi na sita! Anna zote!"

"Samahani, Sahib, hiyo haipo."

"Ishirini, mpumbavu wee!"

"Basi ndiyo kabisa, Sahib. Huumwi."

Zahiruddin akachungulia mlangoni. "Afute waraka! Haraka, kabla hajapata nafuu!"

Karatasi ya kufuta ikaletwa. Mkono wa Sahib ukashindwa kushika kalamu. Zahiruddin, aliyechekwa kwenye dirisha lile miaka yote kwa kutia dole gumba badala ya saini, akakishika kidole gumba cha Sahib kwa adabu, akakichovya kwenye wino.

"Taratibu, Sahib. Hapo hapo. Mwanzo mgumu."

Sahib akachomwa ya kifuani, akadai na ya mgongoni.

Jioni, Kulsum naye akiwa amekwisha kupasuliwa na kuchomwa ganzi, karani akamuuliza: ngapi?

"Anna mbili tu, mwanangu."

Akaandika anna mbili. Fomu mpya, kwa amri ya dole gumba, inafika kumi na sita.