Ombi: Cheri Itangazwe Kuwa Ua, Si Chakula

Rangwe,
12 Mei 1966

Kwa Bwana Nicanor,
Bwana Shamba wa eneo letu.

Mheshimiwa Bwana Nicanor,

Na ile baridi uliyosema cheri inaipenda, tumeitafuta nyumba nzima mpaka tukaipata: iko nyuma ya mtungi wa maji, upande usiofikiwa na jua. Miche yako minne imekaa hapo ndani ya mikebe yake, na mume wangu, Mwalimu Javan, huyagusa majani kila asubuhi kama mtu anayepima homa. Kwa hiyo jibu ulilonipa juzi sokoni, kwamba miche inanyauka kwa ajili ya joto la nyumba yetu, silikubali. Nakuandikia sasa kwa kalamu kwa sababu pale sokoni wewe ulikuwa na haraka, na mimi nilikuwa bado na haya ya bibi arusi.

Kwanza pokea shukrani. Harusi yetu ilipata zawadi nyingi: sufuria, taa, blanketi tatu, na jogoo aliyetoroka kabla sala haijakwisha. Lakini ni wewe peke yako uliyeleta miche ya matunda ambayo hakuna mtu hapa amewahi kuyaona, pamoja na karatasi ya maelezo iliyopigwa taipu. Javan alinisomea karatasi hiyo siku ya pili ya ndoa yetu (leo ni ya ishirini na sita). Alipofika pale inaposema kwamba mche mmoja peke yake hauzai mpaka uwe na mwenzake karibu, aliurudia mstari huo mara mbili. Sijui kama Serikali hujua inachokiandika, Bwana Nicanor. Mimi nililia. Karatasi yako tumeiweka pamoja na barua alizokuwa akiniletea nikiwa kidato cha nne.

Hata hivyo ninayo malalamiko, nayo ni haya:

1. Kimo. Javan alikuwa ameniahidi mti wa kukaa chini yake, yeye akisahihisha madaftari na mimi nikimshonea kola. Karatasi inasema cheri hii ni ya kichaka na hukomea kiunoni. Kiunoni kwa nani haikusema. Javan ni mrefu kuliko walimu wote wa shule yake, na kiuno chake si kiuno cha kila mtu. Mama mkwe alipoelezwa alisema huo ni mti wa kumpa kuku kivuli. Javan, kwa upole wake, alijibu kwamba hata kulala chini atalala, mradi kivuli kiwe chetu. Sijawahi kusikia maneno mazuri kama hayo. Lakini kimo bado ni malalamiko.

2. Karatasi yako ina mistari thelathini na miwili. Imeeleza kina cha shimo, kiasi cha mbolea, na siku ya kupunguza matawi. Haikueleza nani atangulie kupanda. Labda huko ilikoandikwa kila mtu huamka tu akapanda. Hata mimi, binti wa Ryoba, Mkuria wa kule karibu na mpaka, kwa mama yangu tulipanda mvua iliponyesha. Lakini sasa nimeolewa na Mjaluo, na katika boma hili mbegu hutolewa kwa zamu ya ukubwa. Wao huita golo kodhi. Anaanza Dani, yaani nyanya yake Javan. Anafuata mama mkwe wangu, Mama Leonida. Kisha Dolphine, mke wa kaka yake Javan. Kisha mimi. Tuko wanne na miche ni minne, na kwa siku nzima niliamini kwamba Mungu na Wizara walikuwa wameshauriana. Halafu nikakumbuka kwamba kila mmoja atapanda mlangoni kwake, na mche wangu utabaki peke yake. Nawe umeshaandika mche wa namna hiyo huwaje.

3. Dani hayupo. Mahindi aliyatolea mbegu mwezi wa tatu, ndipo akaenda Karungu kumsaidia dada yake Javan aliyejifungua. Aliaga kwamba atarudi mtoto akiota jino. Nilisema, basi, ikiwa mahindi yalishafunguliwa, si cheri nayo imefunguliwa? Mama Leonida akasema mbegu ngeni ni mbegu nyingine, nayo humsubiri mwenyewe. Nimeulizia kwa wanawake wenye watoto: jino la kwanza huja mwezi wa sita wa maisha, au wa saba. Mtoto huyo ana wiki tisa. Mvua zitatuaga mwisho wa mwezi huu.

4. Mikebe. Kila asubuhi Javan huitoa nje ipate mwanga kidogo, na kila akitoka shule huirudisha ndani, kwa sababu mbuzi wa Dolphine hajui zamu ya mtu. Huibeba miwili miwili, mkono huu na mkono huu. Wanawake wa kisimani wamemwona. Sasa akipita wanampa pole ya kulea, wanamuuliza wa nne amelala au bado analia. Yeye hucheka nao. Jumanne iliyopita, lakini, aliingia nyumbani akaisalimu mikebe kwanza, kisha mimi. Chai yake niliiacha ikapoa. Bwana Nicanor, hakuna afisa wa kilimo ambaye kazi yake ni kuingia katika ndoa ya watu, na bado umeingia.

5. Hili ndilo hasa lililonifanya nitafute bahasha. Katika boma hili mke mpya hujulikana kwa kitu alichotia ardhini. Dolphine alipokuja alipanda ndizi, na mpaka leo wageni huonyeshwa ndizi za Dolphine kabla ya kuonyeshwa choo. Mimi mvua ya kwanza ya ndoa yangu inanipita mikono ikiwa mikavu. Kiluo changu bado ni cha kuomba chumvi tu, na Javan na mimi huongea Kiswahili. Sina namna ya kujieleza mbele ya watu ila kwa jembe. Badala yake nimeshapewa jina. Naitwa Mama Mikebe. Hata mchungaji aliniita hivyo Jumapili, kisha akakohoa.

Javan alijaribu kuniokoa. Alimwendea mama yake akamwambia kwamba cheri si chakula hata kidogo, ni ua la kupamba mlango, na ua halina zamu. Mama Leonida akamuuliza ua hilo lina nini ndani. Javan, ambaye hajui kusema uongo (ndiyo sababu nilimpenda), akasema lina tunda. Tunda linafanywaje? Linaliwa. Mama Leonida akarudi kupepeta mtama wake.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, kwamba Serikali itangaze kwa barua yenye muhuri kuwa cheri fupi ya kichaka ni ua. Mimi na Javan tuko tayari kuapa kwamba hatutakula hata tunda moja, tutayatazama tu. Iwapo mtu wa ofisini atasema kwamba kila chakula huanza kwa kuchanua, na kwamba kwa njia hii hata maharage yataomba kuwa maua, mwambie maharage yaandike barua yao.

Kama tangazo ni zito, basi gari la ofisi lako liende Karungu limlete Dani asubuhi moja apande, na jioni limrudishe. Kama gari ni bovu, naomba uongee na Bwana Afya aone kama jino la mtoto linaweza kuharakishwa bila kumuumiza. Kama hata hilo haliwezekani, njoo uchukue miche yako. Lakini uje mchana Javan akiwa darasani, kwa maana sitaweza kumtazama akiiaga.

Nafunga hapa nisije nikamaliza wino wa mwalimu. Nisalimie mama watoto wako, karani wako mwenye miwani, mlinzi wa kitalu, na miche mingine yote iliyobaki huko bila kuolewa.

Mimi mwenye malalamiko,
Bi. Nyasuguta Javan

Nyongeza, 14 Mei. Barua hii ilikuwa haijapata mtu wa kuileta. Tafadhali usitekeleze lolote lililomo. Dani alifika jana mchana, jino au hakuna jino. Wauza samaki walimwambia kwamba kwa mjukuu wake kuna bibi arusi anayelea mikebe. Hakukubali hata kuketi. Alitaka karatasi yako isomwe, Javan akamtafsiria, na aliposikia kwamba cheri haizai bila mwenzake akatuuliza kama ni shuleni tulikofundishwa kuipanda kwenye milango minne. Akachimba mbele ya mlango wangu, akapanda. Akapanda Mama Leonida, akapanda Dolphine, nikapanda mimi, yote minne safu moja, karibu karibu. Nilipomaliza nilikuwa na matope hadi kiwikoni, na Mama Leonida ndiye aliyeninawisha.

Sasa nimeuona utaratibu huu wa zamu kwa jicho lingine, na naona una hekima kubwa sana. Leo asubuhi Cephas, mdogo wake Javan, ametuarifu kwamba mwezi wa nane anamuoa Pamela wa Uriri. Nasikia Pamela huyo anapenda sana bustani, na ameshaanza kuulizia mbegu ngeni. Yeye ni wa tano, nyuma yangu. Cheri ni chakula, Bwana Nicanor, na iandikwe hivyo kwa muhuri, na mbegu nyingine yoyote utakayompa nayo iandikwe hivyo hivyo. Mimi na Javan tutafika ofisini kwako kabla ya mwezi huu kwisha, tuisome barua hiyo wenyewe kabla hujaweka sahihi.